Zege halilali, lakini Kibokoni hulala

Asubuhi ya kwanza nilidhani ni tetemeko la ardhi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefunga kompyuta, maana kazi yangu ya mtandaoni hufuata saa za Marekani na huisha alfajiri huku kwetu, nikashuka kunywa chai na nyanya kabla sijalala. Kikombe kikaanza kulia juu ya kisahani. Kisha unga mweupe ukadondoka kutoka darini, ukatua juu ya mahamri. Nyanya akaangalia juu, akayapuliza mahamri, akaendelea kula.

"Si tetemeko, mwanangu. Ni jirani aanza kujenga."

Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi.

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale, ndani ya vile vichochoro ambavyo mkokoteni ukiingia, wapita njia hupanda barazani kuupisha. Upande wa pili wa ukuta wetu palikuwa na gofu la miaka mingi, makao ya paka na uwanja wetu wa kujificha tulipokuwa watoto. Mwenyewe amepata pesa, amepata kibali, anajenga. Hakuna mwenye akili atakayemlaumu mtu kwa kufufua nyumba ya babake. Lakini mashine ya kuvunjia sakafu ya zege ilipowashwa hatua kumi kutoka kwenye mto wangu, nilisahau hayo yote.

Na kuna jambo linalonifunga mdomo. Kaka yangu ni mtu wa mjengo. Anafanya kibarua kwenye ghorofa linalojengwa Tudor, na mashine anayoishika mara nyingi ni hiyo hiyo ninayoilaani mimi. Nikimtukana kimoyomoyo kijana aliye upande wa pili wa ukuta, najua huko Tudor kuna mtu kitandani anayemtukana kaka yangu. Kwetu pande zote mbili za kesi hii hula sahani moja.

Sheria ina saa yake

Wengi wetu huchukulia kelele kuwa suala la adabu tu: jirani mwema hapigi kelele, jirani mbaya anapiga. Kumbe Kenya ina kanuni kamili kuhusu jambo hili, Kanuni za Kudhibiti Kelele na Mitetemo Kupita Kiasi za 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999 na kusimamiwa na NEMA. Kanuni hizo zinagawa siku. Kwa kelele za kawaida, muziki wa hoteli na mengineyo, mchana hukoma saa mbili usiku. Kwa mjengo mchana ni mfupi zaidi. Unaanza saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi, unaisha saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo ni usiku, hata kama jua bado halijazama.

Halafu kuna viwango. Mjengo ulio kwenye makazi, au karibu na shule na hospitali, haufai kupita desibeli 60 mchana na 35 usiku. Kwingineko ni 75 mchana na 65 usiku. Nafuu ya kufanya kazi usiku imewekewa mambo machache, kama vile dharura, kazi za nyumbani na ujenzi wa huduma za umma.

Sasa, desibeli 60 ni nini? Ni watu wawili wakizungumza kawaida mezani, bila hasira. Thelathini na tano ni mnong'ono. Mashine ya kuvunjia zege, ukisimama mita 15 kutoka ilipo, hutoa karibu 88. Usije ukadhani 88 ni 60 na nusu yake. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zinapopanda 10, nguvu ya sauti huwa mara kumi. Na sauti hupungua desibeli 6 tu kila umbali unapokuwa maradufu, kwa hivyo ili hiyo 88 ishuke hadi 60 kwenye uwanja wazi, inabidi usimame karibu mita 380 kutoka kwenye mashine, zaidi ya viwanja vitatu vya kandanda vikiunganishwa kwa urefu. Niambie wewe unayeujua Mji wa Kale, mita 380 za uwanja wazi utazipata wapi? Huku kwetu sauti hugonga ukuta huu ikarudi kwenye ule, na mwenye kuumwa kichwa yuko katikati.

Maana yake ni kwamba kwa mashine tulizozizoea, kiwango cha 60 ndani ya kichochoro hakifikiki. Mwanakandarasi analijua hilo. Jirani hajui hata kama kiwango kipo. Basi kanuni inabaki karatasi, kila mtu anaendelea na yake, na mwamba ngoma huvutia kwake. Kinachobaki mikononi mwa watu ni vitu viwili tu: saa za kazi, na namna kazi inavyofanywa.

Cha kufurahisha ni kwamba kanuni zenyewe zinaipa nafasi hoja hiyo. Ili kuamua kama kelele imepita kiasi, zinauliza ni saa ngapi, ni karibu na wanapoishi watu au la, ni kelele ya mfululizo au ya kukatika, na kama ingeweza kupunguzwa bila taabu wala gharama kubwa. Hilo la mwisho ndilo la kumwuliza msimamizi wa mjengo, kwa upole, ukiwa umevaa viatu vyako vizuri.

Ukuta wa matumbawe

Kelele ikizimwa imekwisha. Mtetemo haufanani nayo, kwa sababu unaacha alama.

Nyumba kama ya nyanya hazikujengwa kwa matofali ya saruji. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, kuta zenye unene wa karibu nusu mita, na dari za boriti za mikoko. Ukuta wa aina hiyo mara nyingi una nyuso mbili zilizojengwa vizuri, ya ndani na ya nje, na katikati vimejazwa vipande vya mawe na chokaa. Chokaa ni laini. Ikiwa hai hujinyonga kidogo na ukuta bila kupasuka, na ndiyo maana nyumba hizi zimesimama miaka mingi katika joto, chumvi na mvua. Lakini ikishazeeka na kuwa vumbi, kila mtetemo unaushusha ule mjazo wa katikati kidogo, chembe kwa chembe, hadi ukuta unaota tumbo. Ukiona ukuta wa Mji wa Kale umevimba kama mtu aliyeshiba, hicho ni kisa kimojawapo. (Kingine ni plasta ya simiti juu ya chokaa, inayofungia unyevu ndani. Mafundi wengi bado wanaipaka, na wenye nyumba bado wanaisifu kwa kuwa inang'aa.)

Kanuni za 2009 zinasema mtetemo usizidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja unakotoka. Hizo ni milimita 5. Nilipotafuta nchi nyingine zinafanyaje, nikakutana na kiwango cha Wajerumani kinachotumiwa na wahandisi sehemu nyingi, DIN 4150-3. Kwa mitetemo mizito ya polepole, nyumba ya kawaida ya kuishi inapewa hizo hizo milimita 5. Lakini jengo dhaifu lenye thamani ya kihistoria linapewa milimita 3 tu. Yaani kipimo chetu kinaichukulia nyumba ya nyanya kana kwamba ni fleti iliyojengwa juzi kule Bamburi.

Na hapa tunazungumzia mtaa gani? Mji wa Kale umekuwa eneo la hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na una ofisi yake ya uhifadhi chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno 1593, iliingia kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO 2011, na sehemu ya mtaa huu ni ukanda wa kuikinga ngome hiyo. Msikiti wa Mandhry unahesabiwa kuwa wa tangu karibu 1570. Mawe haya yameshapigwa mizinga. Lakini mizinga haikuwa ikipigwa kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki.

Wenzetu wa Unguja wanajua majengo ya mawe na chokaa yanavyoweza kukata tamaa ghafla. Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883 na lililokuwa fahari ya Mji Mkongwe, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa. Sisemi ni mitetemo iliyoliangusha. Nasema tu kwamba jengo la aina hii halikupi notisi ya siku thelathini.

Ufa wetu uko kwenye ukuta wa ngazi. Ulikuwepo zamani, mwembamba kama unywele. Wiki ya pili ya kuvunja, nyanya aliniita na penseli mkononi, akaniambia nipige mstari kwenye ncha ya ufa, na pembeni niandike tarehe. Sikujua kwamba alichokuwa akifanya ndicho wanachofanya wahandisi, isipokuwa wao hubandika kipande cha kioo au plasta juu ya ufa. Kikipasuka, ukuta umesogea.

Kosa letu lilikuwa moja, nalo ni kubwa: hatukupiga picha za nyumba kabla kazi haijaanza. Simu ninayo, inapiga picha hadi usiku wa giza, na nilishapiga sahani za biriani mia mbili, lakini si ukuta. Mjengo ukisimamiwa vizuri, mwanakandarasi mwenyewe hupita nyumba za jirani kabla ya siku ya kwanza, akapiga picha nyufa zote, kila upande ukabaki na nakala. Inamlinda yeye pia asije akadaiwa ufa wa mwaka 1960. Kama unasoma haya na kuna gofu au kiwanja kitupu kando yenu, amka sasa hivi ukapige picha za kuta zenu. Makala itakungoja.

Saa za mtaa

Msimamizi wa ule mjengo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ratiba yake: mashine amekodi kwa siku, vibarua anawalipa kwa siku, na mwenye nyumba anampigia simu kila jioni kuuliza wamefika wapi. Alipoambiwa mara ya kwanza kwamba anausumbua mtaa, jibu lake lilikuwa kwamba ameanza baada ya saa kumi na mbili asubuhi na sheria inamruhusu. Kuhusu kuanza alikuwa sawa. Kuhusu kiwango cha sauti hakuwa sawa, ila hakuna aliyekuwa na kipimo.

Alichokuwa hakijui ni kwamba Mji wa Kale una saa nyingine kabisa. Watu wameamka saa kumi na moja kwa swala ya alfajiri. Watoto wakirudi shuleni huenda chuoni, na chuo chetu kimepakana na kichochoro hicho hicho. Ustadhi alikuwa akisomesha herufi huku ukuta ukimjibu. Mchana, baada ya adhuhuri, maduka mengi hufungwa na watu hujinyoosha hadi joto lipungue, kisha mtaa hufunguka tena alasiri hadi usiku. Hapo ndipo ule mzaha wa kuwa Wapwani ni wavivu unapozaliwa, na msimamizi aliutoa bila kufikiri. Mzee mmoja barazani akamwuliza yeye huamka saa ngapi. Akasema saa kumi na mbili. Yule mzee akanywa kahawa yake, hakuongeza neno.

Isitoshe, kulala mchana si jambo la ajabu hata kwenye dunia ya ujenzi. Vijana wetu wangapi wako Ghuba wakijenga maghorofa? Oman, kuanzia Juni hadi Agosti, kazi za nje husimamishwa kuanzia saa sita unusu hadi saa tisa unusu mchana. Falme za Kiarabu hufanya hivyo kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, saa sita unusu hadi saa tisa. Sababu yao ni jua, si usingizi wa nyanya, lakini ghorofa zinaisha vilevile. Kule London nako, halmashauri nyingi huruhusu kazi za kelele kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni siku za wiki, Jumamosi hadi saa saba mchana, na Jumapili na sikukuu hakuna. Mkandarasi anaweza kuomba ridhaa mapema, chini ya sheria ya 1974, akieleza saa zake na mashine zake kabla hajagusa jiwe. Mazungumzo yanakuja kwanza, nyundo baadaye.

Ramadhani ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Usiku unageuka mchana: tarawehe, barazani, daku. Watu wengi hupata usingizi wao baada ya alfajiri. Ukiwasha mashine saa moja asubuhi ya mwezi huo, uko ndani ya sheria na nje ya ubinadamu. Kisha kuna msiba. Nyumba ikifiwa, mtaa mzima hukaa chini kwenye mikeka, na hakuna kanuni ya NEMA inayotaja mkeka.

Tulipoketi

Mzee wa mtaa ndiye aliyetuketisha, siku ya Alhamisi baada ya alasiri. Alikuwepo msimamizi, ustadhi, majirani watano sita, na mimi niliyekuwa sijalala. Nyanya hakuja, alituma birika la kahawa na ujumbe kwamba ukuta wake una tarehe tatu za penseli na anayetaka kuzisoma aje.

Kaka yangu alikuja kwa kuchelewa, akiwa na vumbi lake la Tudor, na ndiye aliyeokoa kikao. Majirani walitaka kazi iishe saa saba kila siku. Kaka akauliza: na hawa vibarua, nusu siku nyingine watalipwa na nani? Kimya. Watu husahau kwamba saa za kazi za mjengo ni mshahara wa mtu. Ukikata saa nne kwa ajili ya usingizi wangu, umemkatia kijana wa Kisauni unga wa jioni, na nauli ya kurudi kwao bado ni ile ile.

Ndipo akaeleza, kwa kuchora chini na kijiti, kwamba kazi zote za mjengo hazina sauti moja. Kuvunja, kukata kwa grainda na kushindilia udongo ndizo za kelele na mtetemo. Kukunja nondo, kuzifunga kwa waya, kuchekecha mchanga, kubeba mawe na kupanga vifaa ni kazi za kimya au karibu na kimya. Ukizipanga vizuri, za kelele zikae asubuhi na za kimya zikae mchana, kibarua anafanya siku yake nzima na mtaa unalala. Sehemu ya mita moja iliyo karibu na ukuta wetu ivunjwe kwa tindo na nyundo ya mkono badala ya mashine. Polepole, ndiyo, lakini mtetemo wake ni mdogo sana.

Msimamizi alikuwa na neno la haki. Mashine inakodiwa kwa siku. Kama inafanya kazi asubuhi tu, siku mbili za kuvunja zinakuwa nne, na hizo siku mbili za ziada lazima mtu azilipe. Mwenye nyumba alipopigiwa simu, alikataa. Siku ya pili yake alikuja mwenyewe, akapanda ngazi zetu, akasoma zile tarehe tatu. Hakusema mengi. Nadhani alipiga hesabu ya kukodi mashine siku mbili, akaiweka kando ya hesabu ya kumjengea nyanya ukuta mpya wa matumbawe, na akajua ipi ni ndogo.

Wakakubaliana hivi: kuvunja kuanzia saa mbili unusu hadi adhuhuri. Mchana kazi za kimya. Ijumaa mashine isiwashwe kabisa, na jioni chuo kikiwa na watoto jenereta iwekwe upande wa mbali, nyuma ya rundo la mchanga. Siku yoyote yenye kelele ya kupita kawaida, ujumbe uingie kwenye grupu la WhatsApp la mtaa siku mbili kabla.

Kama kwenu hamna mzee wa mtaa wa namna hiyo, au msimamizi amekataa kuketi, basi anza na lile bango lililo nje ya mjengo. Linapaswa kuonyesha mwenye mradi, mwanakandarasi, na idhini walizo nazo. Leseni ya NEMA mara nyingi huja na masharti ya saa za kazi, na una haki ya kuyauliza. Andika shajara: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, kazi iliyokuwa ikifanywa. Programu ya simu ya kupima desibeli itakupa fununu tu, haitasimama kama ushahidi, lakini shajara ya wiki tatu ina uzito. Ipeleke kwa mjengo wenyewe, kisha kaunti, kisha NEMA, na kwa Mji wa Kale usiisahau ofisi ya uhifadhi. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinasema ukienda mahakamani kuitetea, huhitaji kuthibitisha kwamba umepata hasara. Hayo ni ya mwisho kabisa. Kesi dhidi ya jirani hudumu kuliko nyumba.

Usiku wa zege

Mapatano yalishika wiki tano. Yakavunjika siku ya kumwaga slabu.

Watanzania wana msemo, zege halilali, wakimaanisha jambo likishaiva usilichelewe. Kwenye mjengo si msemo, ni kemia. Simiti ikishakutana na maji inaanza kushika baada ya saa chache, na ukisimama katikati ya slabu ukaendelea kesho pasipo kupangwa, pale pa maungio patakuwa dhaifu. Kwa hivyo wakianza wanamaliza. Na kichochoro chetu lori la zege haliingii. Ni miksa ndogo, mstari wa vijana na karai, na vaibreta ya kushindilia zege ambayo mlio wake ni kama nyuki elfu ndani ya debe.

Ujumbe wa grupu ulisema wataanza saa moja asubuhi na kumaliza saa kumi na moja. Walimaliza saa nne na nusu usiku. Mtoto wa jirani wa mbele, mwenye miezi miwili, alilia kuanzia magharibi. Mtu mmoja alirusha maji kutoka juu. Grupu la WhatsApp siwezi kulinukuu hapa.

Nilimwuliza kaka kwa nini kila slabu Mombasa humalizikia gizani. Akacheka. Akasema kelele ya usiku huanza asubuhi. Kokoto ilitakiwa ifike saa kumi na mbili, ikafika saa nne kwa sababu mtu alikuwa bado hajatumiwa pesa za lori. Saa zile nne vibarua wamekaa juu ya ndoo, wanapiga soga, mtaa mzima unaona raha kwamba leo kuna utulivu. Ule utulivu ndio unaolipwa saa tatu usiku. Kama kokoto, mchanga na simiti vingelala pale pale kwenye mjengo siku moja kabla, na mhandisi akapanga mahali halali pa kusimamisha zege iwapo jua litawazidi, hakuna ambaye angemwagiwa maji.

Msimamizi aliomba radhi asubuhi yake, mlango kwa mlango. Slabu ya pili, vifaa vilifika jana yake. Wakamaliza saa kumi na mbili na robo. Robo saa ile hakuna aliyeitaja.

"Ati?"

Tumezungumza kuhusu majirani. Sasa nizungumze kuhusu aliyeishika mashine.

Kanuni za kelele kazini za 2005 zinasema mfanyakazi asikae kwenye desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inashauri pungufu, 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda ukatwe nusu. Fanya hesabu: kwenye 100 unabaki na dakika 15. Mashine ya kuvunjia zege hupita 100 masikioni mwa anayeishika. Kaka huishika asubuhi nzima. Ulinzi wake wa masikio ni pamba aliyoichomoa kwenye godoro.

Vidole vyake pia. Mtetemo ule ule unaodondosha chokaa yetu hupita mikononi mwake kwanza, na jioni anashindwa kufunga vifungo vya shati kwa sababu ya ganzi. Anafikiri ni uchovu.

Nyanya ana miaka 78 na husikia kwa sikio moja vizuri. Kaka ana 26. Juzi walikuwa wameketi pamoja, televisheni imepandishwa hadi mwisho, na kila mmoja akimwambia mwenzake "Ati?" Kaka akarudia neno lake kwa sauti kubwa. Nyanya akaweka kikombe chini.

"Mbona wanifokea, mwanangu?"

"Sikufokei, nyanya. Nazungumza tu."

Alikuwa hajui kwamba anapiga kelele. Siku iliyofuata nilienda duka la vifaa pale Digo Road nikamnunulia vile vizibo vya masikio vinavyovaliwa kama hedifoni. Alivivaa siku mbili. Siku ya tatu alisema wenzake wanamcheka, na kwamba akivivaa hamsikii msimamizi akiita jina lake wakati wa kugawa kazi za kesho. Vipo juu ya friji.

Ufa wa ngazi una tarehe nne sasa. Kati ya ya tatu na ya nne haujasogea. Jana usiku simu ililia, ni grupu la mtaa: kesho kuvunja ngazi ya zamani upande wa nyuma, saa mbili unusu hadi adhuhuri, ustadhi amearifiwa. Nikaweka kengele ya saa mbili, nikamwambia nyanya atoe vikombe kwenye rafu. Akaniuliza penseli nimeiweka wapi.